PADRE, ASKOFU, UBANI NA MAJIVU: Maswali tunayoulizwa Wakatoliki wa Pemba na majibu yake

 

Leo naweka hapa kitu ambacho nimekiahirisha siku nyingi. Sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache sana. Makanisa yetu yanahesabika kwa vidole, na wengi wetu ni watoto wa askari, walimu na wafanyakazi waliohamishiwa huku kutoka Bara. Ukiwa mchache unaulizwa maswali kila siku. Barazani unaulizwa, shuleni unaulizwa, hata ukikaa kwenye kompyuta za kukodi jirani yako akiona umefungua picha ya Papa anakuuliza: "Hivi huyu na askofu wenu nani mkubwa?" Wanaouliza si watu wabaya, wanataka kujua tu. Aibu ni kwamba wengi wetu hatujui la kujibu. Tumebatizwa, tumepata kipaimara, basi.

Kilichonisukuma hasa ni jambo la nyumbani kwetu. Mjomba wangu alikuwa mwalimu hapa Pemba. Aliugua, akalazwa, hali ikawa mbaya. Mtu mmoja akasema aitwe padre ampake mafuta. Shangazi akakataa kabisa: "Mkimwita padre mgonjwa ataona anaagwa, mtamuua kwa hofu." Tukasubiri siku tatu. Siku ya tatu tunampigia padre, yuko safarini kwenye kigango kingine, na alipofika mjomba alikuwa ameshatutoka. Padre alimuombea marehemu, akakaa na sisi mpaka usiku, lakini mafuta hakumpaka, kwa sababu sakramenti ni ya walio hai. Shangazi alilia kwa hilo kuliko kwa msiba wenyewe.

Kumbe tungejua mapema. Kwa hiyo soma taratibu, na ukiona inafaa ichapishe umpelekee mama nyumbani.

1. NANI NI NANI KANISANI

Daraja Takatifu ziko tatu tu: shemasi, padre na askofu. Majina mengine yote unayoyasikia ni vyeo, kazi au heshima, si daraja nyingine.

SHEMASI ndiye daraja la kwanza. Anaweza kubatiza, kuhubiri, kufungisha ndoa na kuongoza mazishi. Hawezi kuadhimisha Misa, hawezi kuungamisha, wala hawezi kumpaka mgonjwa mafuta. Wengi tunaowaona huku ni vijana wa seminari walio njiani kuwa mapadre, ila sehemu nyingi duniani wapo pia mashemasi wa kudumu ambao wana wake na watoto.

PADRE anaadhimisha Misa, anaungamisha, anapaka wagonjwa mafuta. Padre anayeongoza parokia anaitwa PAROKO, na anayemsaidia ni paroko msaidizi. Chini ya parokia kuna vigango, na chini ya vigango kuna jumuiya ndogo ndogo, zile za kusali nyumba kwa nyumba.

Hapa kuna kitu wengi wanachanganya. Kuna mapadre wa jimbo, ambao wapo chini ya askofu wa jimbo moja kwa moja, na kuna mapadre wa mashirika, ambao wameweka nadhiri tatu za ufukara, useja na utii ndani ya shirika lao. Padre wa jimbo naye haoi, ila hana nadhiri ya ufukara, kwa hiyo ukimwona na pikipiki yake mwenyewe usianze kusema kavunja nadhiri. Masista na mabruda ni watawa, wana nadhiri, lakini si makleri. Sista si "padre wa kike".

KATEKISTA ni mlei, yaani muumini wa kawaida aliyefundishwa. Kwenye visiwa kama hivi ndiye anayeshika kigango padre asipokuwepo. Mheshimuni jamani, kazi yake kubwa na malipo yake madogo.

ASKOFU ana ukamilifu wa Daraja. Yeye peke yake ndiye anayeweza kumpa mtu upadre. Kila askofu anaongoza jimbo lake. ASKOFU MKUU ni askofu wa Jimbo Kuu. Jimbo la Zanzibar, ambalo Pemba imo ndani yake, liko katika kanda ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Lakini hilo halimfanyi Askofu Mkuu wa Dar kuwa bosi wa kila siku wa Askofu wa Zanzibar. Kila mmoja ana jimbo lake, na wote wanawajibika kwa Papa. Askofu akifikisha miaka 75 anaandika barua kwa Papa ya kuomba kupumzika, na Papa ndiye anayeamua lini.

MONSINYORI ni jina la heshima analopewa padre. KARDINALI ni mshauri wa Papa na mpiga kura wa kumchagua Papa mpya, mradi hajafikisha miaka 80. Sisi Watanzania tuna historia hapa: Laurean Rugambwa, mtu wa Kagera, ndiye aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu hizi, mwaka 1960, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru. Baadaye akafuata Polycarp Pengo mwaka 1998, na Protase Rugambwa wa Tabora mwaka 2023.

PAPA ni Askofu wa Roma. Kwa daraja ni askofu kama maaskofu wengine, kwa mamlaka ni mkuu wa wote, maana tunaamini anakaa nafasi ya Mtume Petro. Papa Fransisko alifariki 21 Aprili 2025, na tarehe 8 Mei 2025 akachaguliwa Papa Leo wa 14, mzaliwa wa Marekani aliyeishi miaka mingi Peru. Ule moshi mnaouona kwenye TV si uchawi wala si ajali. Ni karatasi za kura zinachomwa. Moshi mweusi maana yake hajapatikana, mweupe maana yake tayari.

Halafu kitu kimoja cha kuwafurahisha Wapemba: pete ya Papa inaitwa Pete ya Mvuvi, kwa sababu Petro alikuwa mvuvi. Yaani cheo kikubwa kabisa Roma kinakumbuka kazi ya watu wa Wesha na Tumbe.

2. MAKANISA YA ZANZIBAR: USICHANGANYE

Mtalii akishuka Unguja anapelekwa Mkunazini kwenye lile kanisa kubwa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Lile ni la Waanglikana, si letu. La Katoliki ni Minara Miwili, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa miaka ya 1890. Waanglikana nao wana maaskofu, mapadre na kanzu, ndiyo maana watu wanachanganya. Tofauti moja rahisi: padre wao anaruhusiwa kuoa.

Historia kwa ufupi. Mapadre Wafaransa walifika Unguja Desemba 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na padre Armand Fava. Mwaka 1863 kazi wakaichukua Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 wakavuka wakaanzisha Bagamoyo. Kwa hiyo njia ya Ukatoliki kwenda bara ilipitia kwetu Zanzibar. Baadaye mambo yakageuka, Zanzibar ikawa chini ya Mombasa. Mwaka 1964 Unguja na Pemba zikatengwa na Mombasa, na mwaka 1980 tukawa jimbo kamili. Askofu wa kwanza alikuwa Bernard Martin Ngaviliau, akafuata Augustine Shao aliyeteuliwa mwaka 1996.

Na kabla ya hao wote walikuwepo Wareno. Wale Wareno mnaowasikia kwenye mchezo wa ng'ombe wa Pemba walikuja na mapadre wao pia. Walipofukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1600, Waomani wakajenga Ngome Kongwe pale Forodhani mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Sasa sikia hii: neno "gereza" limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja! Nyumba ya sala ikawa ngome, ngome ikafungiwa watu, na neno likabaki mpaka leo. "Padre" nalo ni la Kireno, maana yake baba.

Maneno mengine yametufikia kutoka Kiarabu: kanisa, msalaba, injili, shemasi. Hata "askofu" limetufikia kwa njia ya Kiarabu ingawa mzizi wake ni wa Kigiriki. Kwa hiyo anayesema dini yetu haina hata neno moja la Kiswahili cha pwani, mwambie asikilize vizuri tunavyosali.

3. MAVAZI

Padre akivaa kanzu nyeupe mtaani, watoto wa Chake wanaweza kumwamkia kama sheikh. Hakuna ubaya. Kanzu ni vazi la heshima kwetu sote. Wakati wa Misa lakini kuna mavazi yake maalumu:

- ALBA: kanzu ndefu nyeupe ya ibada. Inakumbusha vazi jeupe la ubatizo. Kwa hiyo si sifa ya padre peke yake, ni kumbukumbu ya kila aliyebatizwa.
- STOLA: ule mshipi mrefu wa kitambaa shingoni. Ndio alama ya Daraja. Ukitaka kujua kama aliye mbele yako ni shemasi au padre angalia stola: padre inaning'inia pande zote mbili mbele, shemasi anaivaa mshazari kutoka bega la kushoto.
- KASULA: joho pana la juu lenye rangi ya siku. Linafunika yote, maana padre akiwa altareni nguo zake mwenyewe na ukubwa wake haviangaliwi.
- MITRA: kofia ndefu yenye ncha mbili ya askofu.
- FIMBO: bakora ya mchungaji. Sehemu ya juu imepinda ili kumvuta kondoo anayepotea.
- PETE na MSALABA WA KIFUANI: pete ni alama kwamba askofu amefunga uaminifu na jimbo lake, kama mume na mke.
- KIKOFIA kidogo cha utosini: askofu zambarau, kardinali chekundu, Papa cheupe. Nyekundu ya kardinali maana yake yuko tayari kumwaga damu kwa ajili ya imani. Si mapambo.

4. RANGI ZA MWAKA

Kama umewahi kukaa kanisani ukajiuliza kwa nini leo padre amevaa kijani na wiki ijayo zambarau, hii hapa:

- ZAMBARAU: Majilio (kabla ya Noeli) na Kwaresima (kabla ya Pasaka). Ni rangi ya toba na kusubiri. Hutumika pia kwenye mazishi.
- NYEUPE au dhahabu: Noeli, Pasaka, sikukuu za Bikira Maria na za watakatifu wasiouawa kwa ajili ya imani.
- NYEKUNDU: Jumapili ya Matawi, Ijumaa Kuu, Pentekoste na siku za mashahidi. Tarehe 3 Juni kwa mfano tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake. Yeye na kundi lake walichomwa moto Namugongo mwaka 1886, na Wakatoliki 22 wa dhuluma ile wakatangazwa watakatifu mwaka 1964.
- KIJANI: siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi kuliko zote.
- WARIDI (pinki): mara mbili tu kwa mwaka, Jumapili ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima. Ni kama kupumua katikati ya mfungo.

Na tarehe ya Pasaka? Hapa majirani zetu wanashangaa nikiwaambia: na sisi tunafuata mwezi. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Tofauti ni kwamba wetu unapigwa hesabu, hauandamwi kwa macho. Ndiyo maana Pasaka inahama kila mwaka, na Jumatano ya Majivu, Kwaresima na Pentekoste zinahama nayo.

5. UBANI, MAJI, MISHUMAA

Ubani wa kanisani ni ule ule. Narudia: ni ule ule unaouzwa sokoni Chake Chake, utomvu wa miti inayoota Somalia, Oman na Yemen. Nyumbani unafukizwa kwenye chetezo, kanisani chetezo chetu kina minyororo. Maana yake kwetu ni mbili: sala inapanda juu kama moshi, na kinachofukiziwa ni kitu cha heshima. Inafukizwa altare, Injili, padre, na halafu WAUMINI pia. Hata jeneza la marehemu linafukizwa, kwa sababu mwili ule ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu.

Najua Pemba tuna sifa zetu, na ubani wengine wanaujua kwa waganga. Kwa hiyo niseme wazi: ubani wa kanisani haupungi jini wala hauiti.

MAJI YA BARAKA pale mlangoni ni kumbukumbu ya ubatizo. Unachovya, unafanya ishara ya msalaba, unaingia. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama ndio kutawadha. Nikamwambia hapana, sisi si sharti la sala, ni ukumbusho, lakini nimependa ulivyouliza.

MSHUMAA WA PASAKA ni ule mkubwa unaowashwa usiku wa mkesha wa Pasaka. Unawashwa tena kwenye ubatizo na mazishi. Yaani ule uliowaka ulipoingia ndio aina hiyo hiyo unaowaka ukitoka.

TAA NYEKUNDU inayowaka mchana na usiku karibu na tabernakulo inasema kwamba Ekaristi imehifadhiwa humo. Ndiyo maana tunapiga goti. Hatupigii goti ukuta wala sanamu.

Kuhusu sanamu: kwetu ni kama picha ya marehemu bibi uliyoitundika sebuleni. Unaitazama, unamkumbuka, pengine unalia. Huiabudu. Watakatifu tunawaomba watuombee. Hatua za kutangazwa mtakatifu ni Mtumishi wa Mungu, Mheshimiwa, Mwenyeheri, halafu Mtakatifu. Mwalimu Nyerere mchakato wake ulianzishwa mwaka 2005 jimboni Musoma, na kwa huo anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Sasa la kuwaudhi Wakatoliki wenzangu kidogo. Wapo wanaovaa msalaba au medali kama hirizi. Wapo wanaoweka chupa ya maji ya baraka juu ya mlango ili mchawi asipite, na Misa yenyewe hawaji. Hivyo vitu Kanisa linaviita visakramenti. Vinasaidia sala, havifanyi kazi kama dawa. Ukiwa na roho ya hirizi, hata rozari inakuwa hirizi. Na hawa wanaotangaza kutoa pepo kila kona: katika Kanisa Katoliki padre hawezi kufanya ibada rasmi ya kupunga pepo bila ruhusa maalumu ya askofu wake.

6. MAJIVU, MATAWI NA MFUNGO

Jumatano ya Majivu tunapakwa majivu ya matawi yaliyobarikiwa mwaka uliopita, tukikumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Huku pwani matawi yetu ni ya mnazi au mtende, kwa hiyo mti unaokupa tui ndio huo huo unaokukumbusha kifo. Tawi la mwaka jana usilitupe jalalani, lirudishe kanisani.

Kwaresima ni siku 40, Jumapili hazihesabiwi. Kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili na miwili midogo isiyofikia huo mmoja. Nyama haliwi siku hizo wala Ijumaa za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Samaki ruksa. Kwa Mpemba mwenye changu na pweza mlangoni hii si adhabu, kwa hiyo tafuta kitu kingine kinachokuuma ukiache, na kile ulichookoa mpe mwenye shida. Bila hiyo sadaka mfungo unakuwa kupunguza unene tu.

Maji kwetu hayafungishi. Lakini heshima nayo ni ibada. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, tukafunga pamoja na majirani. Ukiwa na kiu, kunywa ndani kwako. Hukupungukiwa kitu.

7. ROZARI

Wazee wetu wa zamani waliiita tasbihi, na hawakukosea sana, maana zote ni punje za kuhesabia sala. Rozari ina makumi matano: kila kumi ni Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, ukitafakari tukio moja la maisha ya Yesu na mama yake. Matendo yalikuwa ya furaha, uchungu na utukufu, na mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili akaongeza ya mwanga. Haihitaji padre, haihitaji umeme, haihitaji hela. Ni sala ya kisiwani kabisa.

8. PADRE HAYUPO, TUFANYE NINI?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Bara padre yuko jirani. Huku padre anaweza kuwa Wete na wewe uko Mkoani, au amevuka Unguja na bahari imechafuka. Yakariri haya:

UBATIZO: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu YEYOTE anaweza kumbatiza. Mama, nesi, katekista, hata asiye Mkristo, mradi anakusudia kufanya lile Kanisa linalofanya. Mmwagie maji kichwani huku ukitamka kwamba unambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji ya kawaida yanatosha. Akipona, mpelekeni parokiani aandikwe na taratibu nyingine zikamilishwe. Habatizwi mara ya pili.

MPAKO WA WAGONJWA: padre au askofu tu. Na hapa ndipo tulipokosea sisi nyumbani. Zamani iliitwa mpako wa mwisho na kweli ilingojwa mpaka mtu anakata roho. Lakini tangu mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita aliweka utaratibu mpya: ni sakramenti ya WAGONJWA. Mwenye ugonjwa mzito, mzee aliyedhoofika, anayekwenda kufanyiwa operesheni kubwa, wote wanaweza kupakwa. Ukipona ukaugua tena unapakwa tena. Mwite padre mtu angali anaongea, anaweza kuungama na kupokea Komunyo. Kumwita padre si kumwaga mgonjwa, ni kumtia nguvu. Mafuta yenyewe yanabarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma wakati wa Juma Kuu, halafu yanavuka bahari mpaka kwetu. Yamesafiri kwa ajili yako, usiyaache kabatini.

KITUBIO: padre tu. Haifanyiki kwa simu wala kwa meseji. Kama huwezi kumpata na hali ni mbaya, tubu kwa moyo wote kwa kumpenda Mungu na kwa nia ya kuungama ukipata nafasi. Mungu hakuzuiwa na boti. Na alichosikia padre kwenye kitubio hawezi kumwambia mtu, si polisi, si askofu, si mkeo.

KOMUNYO kwa mgonjwa: mlei aliyeruhusiwa rasmi anaweza kuipeleka.

MAZISHI: shemasi anaongoza, na asipokuwepo, katekista aliyeruhusiwa anaongoza sala. Misa ya kumuombea marehemu inaweza kusomwa baadaye. Kwa hiyo maneno ya "kazikwa bila padre kama mpagani" yaacheni. Yanaumiza wafiwa na si ya kweli.

SADAKA: ile sadaka ya nia ya Misa si bei. Sheria ya Kanisa inakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa sababu hana kitu. Kama huna, sema huna.

MWISHO

Mjomba tulimzika salama. Waliobeba jeneza wengi wao walikuwa Waislamu, walimu wenzake na wanafunzi aliowafundisha hesabu. Mmoja wao alimwona padre anafukiza ubani kaburini, akaniambia taratibu, "Kumbe na nyie mnafukiza." Nikamjibu ndiyo. Sikuwa najua kueleza zaidi ya hapo, na nilijisikia vibaya.

Leo ningemweleza. Na shangazi siku hizi ndiye wa kwanza kumpigia padre mtu yeyote wa jumuiya akilazwa, hata akiwa na malaria tu. Tunamcheka, naye anasema afadhali kuchekwa.

Nendeni mkaandike namba ya simu ya paroko ukutani karibu na kitanda cha bibi. Leo, si kesho. Maswali na masahihisho tupieni hapo chini, Mkatoliki au si Mkatoliki, bila matusi. Nisilolijua nitamuuliza padre.

Amani kwenu.